Taa za Dagaa na Uzito wa Kisichoonekana

Kwetu Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, ukimsikia mtu anasema "giza limeingia," hazungumzii jua kuzama. Anamaanisha mwezi umekwisha, usiku ni mweusi tangu jioni, na wavuvi wa dagaa wanarudi ziwani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, maana dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Nyavu zinaanikwa, zinashonwa, na mjomba wangu analala usiku kama watu wengine. Hizo ndizo siku za mbalamwezi, na nyumba nyingi za pale mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, huzihesabu kwa wasiwasi, kwa kuwa deni la dukani halijui mwezi. Giza ndilo lililotulisha na kunilipia ada.

Kwa hiyo nilipokutana na maneno "maada giza" kwa mara ya kwanza, nikiwa chuoni, yaani kitu kisichoonekana angani kinachojulikana kwa uvutano wake tu, sikuogopa. Nilimkumbuka mjomba.

Nilikuwa darasa la tano. Malaria ilikuwa imemlaza wiki nzima, na giza lile hakwenda ziwani. Jioni moja akapata nguvu ya kutoka, tukakaa kwenye mawe nyuma ya nyumba tukitazama kusini, Ghuba ya Speke yote ikiwa imejaa taa. Enzi zile zilikuwa karabai. Mitumbwi yenyewe huioni, watu huwaoni, unaona nukta za moto tu. Mjomba akanyoosha kidole.

"Ule pale umejaa."

"Umejuaje, mjomba?"

"Tazama taa, mjomba. Ile ya kulia inarukaruka, kila wimbi linainyanyua. Mtumbwi mtupu huo. Hii nyingine imetulia. Mtumbwi ukishiba hauchezi."

Tukaifuatilia ile taa iliyotulia mpaka ikaja ufukweni. Mtumbwi ulifika maji yakiwa yamebakiza kama kiganja kimoja kuingia ndani. Leo mimi ni mwalimu wa fizikia, nimefundisha mizani za kila aina, na sijawahi kuona upimaji ulionishangaza kuliko ule. Mtu amekaa juu ya jiwe, mgonjwa, na amepima uzito wa kitu asichokiona kwa kutazama mwendo wa taa.

Wanaastronomia wanaochunguza galaksi ndogo, mikusanyiko ya nyota iliyo mbali angani, wanafanya kazi hiyohiyo, ila hesabu yao imegeuka: kwao taa inayokwenda kasi ndiyo inayotangaza mzigo.

Usiku uleule niliona, juu ya maji upande wa kusini, wingu dogo jeupe lisilosogea. Upepo ulikuwepo, mawingu mengine yalipita, lile likabaki. Mjomba alilijua tangu utoto wake, lakini hakuwa na jina la kunipa. Nilikuja kulijua baadaye: ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi iliyo umbali wa takriban miakanuru 160,000, maana yake mwanga niliouona usiku ule ulianza safari miaka 160,000 iliyopita. Mwenzake, Wingu Dogo, yuko mbali zaidi, kama miakanuru 200,000. Yote mawili ni galaksi ndogo zinazoandamana na galaksi yetu, ile Njia Nyeupe tunayoiona ikivuka anga. Watu wa kaskazini, Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani, hawayaoni kabisa. Sisi tunayaona bila darubini. Sijui kwa nini hakuna aliyetuambia hivyo shuleni.

Mawingu ya Magellan ni majitu katika ukoo wake. Galaksi zinazonikosesha usingizi ni zile ambazo jicho haliwezi kuziona hata kidogo.

Mwaka 1938 Harlow Shapley, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza galaksi mbili za aina mpya, moja katika kundinyota la Sculptor na nyingine katika Fornax. Zilikuwa mikusanyiko ya nyota hafifu, imetawanyika mno hata ukitazama haraka unadhani ni doa kwenye picha. Sculptor ilionekana kwenye bamba za vioo zilizopigwa picha Bloemfontein, Afrika Kusini, ambako Harvard ilikuwa imehamishia kituo chake cha Boyden kutoka Peru. Kwa hiyo ukoo huu wa galaksi ulianza kujulikana kupitia anga la Afrika. Mwaka 1954 ikaonekana nyingine, Draco, safari hii kwenye picha za Palomar kule California. Hakuna aliyezijali sana. Zilionekana kama makombo yaliyobaki baada ya galaksi kubwa kuumbwa.

Wakati huo suala la uzito usioonekana lilikuwa limeshaanza kwingine. Mwaka 1933 mwanaastronomia Fritz Zwicky alitazama kundi la galaksi la Coma, akaona galaksi zake zinakwenda kasi mno. Kwa uzito wa nyota zilizoonekana, kundi lilipaswa kuwa limesambaratika zamani. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda vinavyoonyesha kwamba mawingu ya gesi ya pembeni hayapungui kasi kama ilivyotarajiwa. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, satelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, siku Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, na ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei, na miongoni mwa ilivyoviona ni eksirei kutoka makundi ya galaksi, likiwemo Coma la Zwicky. Ilikuja kueleweka kwamba zinatoka kwenye gesi ya moto mkali sana ambayo isingekaa pale bila uvutano mkubwa wa kuizuia. Neno la Kiswahili limo katika historia ya jambo hili, na nilitaka liandikwe hapa.

Sasa turudi Draco. Mwaka 1983 Marc Aaronson alichapisha vipimo vya nyota tatu tu za galaksi hiyo. Tatu! Alizitazama kwa darubini iliyoko Arizona, akapima kila moja inakuja kwetu au inatuacha kwa kasi gani.

Namna ya kupima si ya ajabu. Simama kando ya barabara basi lipite likipiga honi. Likija sauti ni kali, likishapita inazama. Mwanga nao hufanya hivyo. Ukiutawanya mwanga wa nyota ukawa kama upinde wa mvua, utakuta mistari myeusi iliyoachwa na elementi zilizomo, kila mstari na mahali pake. Nyota ikikuacha, mistari yote husogea kidogo upande wa nyekundu; ikikujia, upande wa bluu. Kiasi cha kusogea ndicho kasi.

Aaronson aliona tofauti za kasi kati ya nyota zake ni kubwa kuliko galaksi hafifu vile inavyoweza kuvumilia. Kama nyota za Draco ndizo uzito wake wote, uvutano wao ni mdogo, na nyota zenye kasi ile zingekuwa zimekwishatoroka. Lakini bado zipo, kwa hiyo kuna kitu kinazishika. Wengi walisita, na walikuwa na haki ya kusita, kwa sababu nyota tatu ni chache na nyota inaweza kuwa na kasi kwa sababu zake binafsi. Nyota nyingi zina mwenza zinayezungukana naye, na mzunguko huo unaweza kukudanganya, sawa na taa inayoyumba kwa kuwa vijana wamesimama mtumbwini wanagombana, wala si kwa sababu ya wimbi. Dawa yake ni kurudi mwaka unaofuata, na mwingine, kupima tena nyota ileile. Aaronson hakuishi kuona mwisho wa ubishi. Alifariki mwaka 1987 kwa ajali akiwa kazini kwenye darubini ya Kitt Peak. Wenzake waliendelea, mamia ya nyota za Draco yakapimwa, na kasi zinatofautiana kwa takriban kilomita 9 kwa sekunde. Alikuwa sahihi.

Hapo lazima nisimame kidogo kuhusu hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wangu hukunja uso. Uzito unaohitajika (kwenye kitabu ni tungamo, mimi nitaendelea kusema uzito) hupanda kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, uzito ni mara nne. Ikiwa mara kumi, uzito ni mara mia. Kwa hiyo tofauti ndogo tu ya kasi inakwenda mbali.

Basi fikiria Segue 1. Iko umbali wa takriban miakanuru 75,000. Mwanga wa galaksi nzima ni kama wa majua mia tatu hivi. Zipo nyota nyingi katika Njia Nyeupe ambazo moja peke yake inang'aa kuliko galaksi hiyo yote. Ilionekana katika data za Sloan, mradi wa kupiga picha anga, ambapo kompyuta ilichambua mamilioni ya nyota kutafuta mahali zilipozidi kidogo tu kuliko kawaida. Kundi la akina Josh Simon na Marla Geha lilizipima nyota zake kwa darubini ya Keck, Hawaii, na mwaka 2011 likatoa hesabu ya nyota 71: kasi zinatofautiana kwa kilomita 3.7 kwa sekunde. Nyota hizo zingekuwa peke yake, bila mzigo mwingine, tofauti isingefika hata nusu kilomita. Wakakuta uzito ni zaidi ya mara elfu tatu ya ule unaoutarajia kwa kutazama mwanga wake. Katika ulimwengu mzima maada giza ni kama mara tano ya maada ya kawaida. Katika Segue 1 nyota ni kama chumvi kwenye ugali.

Ndiyo sababu nasema ukitaka kuijua maada giza usianzie kwenye galaksi kubwa. Huko kuna nyota nyingi, gesi, vumbi, mashimo meusi, kila kimoja kinavuta upande wake, na mtu mkaidi anaweza kubishana nawe hadi asubuhi kuhusu nani amevuta nini. Katika galaksi ndogo kabisa hakuna wa kusingiziwa.

Niseme pia kwamba jina hili lina kasoro. Giza huziba, ukuta mweusi huzuia mwanga. Maada giza haizuii chochote. Mwanga hupita ndani yake kana kwamba haipo, na haitoi mwanga wake wala haimezi wa mwingine. Ni angavu kuliko maji ya Ukerewe asubuhi kabla ya upepo. Tunachojua ni kwamba inavuta.

Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti, lile la Anatoly Klypin na lile la Ben Moore, yaliweka wazi tatizo zito. Walikuwa wameigiza kwenye kompyuta jinsi maada giza inavyojikusanya tangu ulimwengu ukiwa mchanga: vipande vidogo kwanza, kisha vinaungana kuwa vikubwa. Kwa galaksi kama yetu, kompyuta ilitoa mamia ya vipande vidogo vinavyoizunguka. Angani zilijulikana galaksi ndogo kumi na moja. Wengine walisema nadharia yote imeanguka.

Jibu lililokuja lilikuwa na sehemu mbili, na ya kwanza ni rahisi: hatukuwa tumetazama vya kutosha. Sloan ilileta nyingine nyingi, kisha kamera iliyofungwa kwenye darubini ya Cerro Tololo kule Chile ikaongeza, na leo zinazojulikana zimepita hamsini. Sehemu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Si kila kipande cha maada giza kinapata nyota. Nyota za kwanza zilipowaka, miale yao ya urujuanimno ilipasha moto gesi iliyojaa kila mahali. Vipande vikubwa viliweza kuishika gesi hiyo ya moto. Vidogo havikuweza, ikapeperuka kama mvuke wa sufuria isiyo na kifuniko. Vichache vilikuwa vimewahi kutengeneza nyota kidogo kabla ya hapo, na hizo ndizo galaksi tunazoziona. Darubini ya Hubble imezikagua kadhaa, na nyota zake ni kongwe karibu zote, za miaka zaidi ya bilioni 12. Utengenezaji ulikoma, hazikuzaa tena. Vipande vingine vingi, ikiwa hesabu ni sahihi, vinatuzunguka sasa hivi bila nyota hata moja. Mitumbwi isiyo na taa.

Ubishi mwingine haujaisha. Kompyuta husema maada giza irundikane katikati ya galaksi, msongamano ukipanda kwa ukali kama mchanga uliomwagwa na tipa. Lakini tangu 1994 vipimo vya galaksi ndogo kadhaa vimeonyesha katikati pamelala, kana kwamba fundi ameshapitisha reki. Maelezo yanayopendwa ni kwamba nyota kubwa zikilipuka, supanova, husukuma gesi nje kwa ghafla, gesi hurudi, hulipuliwa tena, na uvutano unaopanda na kushuka hivyo huitikisa maada giza mpaka inasambaa. Andrew Pontzen na Fabio Governato walionyesha mwaka 2012 jinsi inavyowezekana. Wengine wanaona huenda chembe za maada giza zinagongana zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo lingekuwa habari kubwa mno.

Mimi naegemea maelezo ya milipuko, na sababu yangu ni Draco. Kama milipuko ndiyo inayosawazisha mchanga, galaksi iliyoacha kutengeneza nyota mapema ingebaki na kilele chake, na iliyoendelea muda mrefu ingekuwa imelala. Justin Read na wenzake walizilinganisha. Draco, iliyonyamaza miaka bilioni 10 hivi iliyopita, inaonekana bado imesongamana katikati. Fornax, iliyoendelea kuzaa nyota hadi hivi karibuni kwa kalenda ya anga, imepungua. Mtihani wenyewe hasa uko kwa akina Segue 1, ambako supanova zilikuwa chache mno kuweza kutikisa chochote, lakini nyota za kupima nazo ni chache. Nyota moja hafifu kwa wakati mmoja, mwaka baada ya mwaka, na katika siku zisizo na mwezi. Ndiyo, hata wao. Ratiba za darubini kubwa hutenga usiku wa giza kwa ajili ya vitu hafifu, na usiku wa mbalamwezi hupewa wanaotazama vinavyong'aa. Nilipolisoma hilo nilimpigia simu mjomba palepale.

Kuna galaksi moja ambayo mtu wa Kanda ya Ziwa hawezi kuipita. Ng'ambo ya maji kutoka kwetu ni Geita, na hakuna familia isiyo na kijana aliyewahi kushuka shimoni kutafuta dhahabu. Mwalimu anaweza kueleza dhahabu inavyochimbwa. Ilivyotengenezwa ni swali jingine. Nyota huchemsha haidrojeni kuwa heliamu, na zile kubwa hupanda hadi chuma, halafu basi. Elementi nzito kama dhahabu zinahitaji mvua ya ghafla ya nyutroni, zile chembe zisizo na chaji za kiini cha atomu. Kwa miongo mingi watu walibishana mvua hiyo hunyesha wapi.

Machi 2015 ilitangazwa galaksi ndogo Reticulum II, umbali wa takriban miakanuru 100,000. Alexander Ji, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, alielekeza darubini ya Magellan, Chile, kwenye nyota tisa za galaksi hiyo. Galaksi za aina hiyo huwa na elementi nzito kidogo mno. Katika nyota saba kati ya tisa alikuta zimejaa kupita kiasi. Si dhahabu yenyewe iliyopimwa. Ni ndugu zake kama yuropiamu, wanaozaliwa katika mvua ileile. Maelezo yake ya mwaka 2016 ni kwamba galaksi hiyo ilipatwa na tukio moja tu la nadra, huenda nyota mbili za nyutroni (mabaki yaliyosongamana mno ya nyota zilizolipuka) kugongana, mapema sana, na nyota zilizozaliwa baadaye zikarithi. Katika galaksi kubwa matukio mengi huchanganyika, huwezi kuyatenganisha. Hapa lilikuwa moja na alama yake imebaki. Mwaka uliofuata, Agosti 2017, mgongano wa nyota mbili za nyutroni ulinaswa mubashara, kwa mawimbi ya uvutano na kwa mwanga, na dalili za elementi nzito zilionekana.

Uzito usioonekana unahusika hapa pia. Mwanga wote wa Reticulum II ni wa majua elfu moja hadi tatu. Uvutano wa nyota hizo peke yake usingeweza kuizuia gesi iliyorushwa na mlipuko kama ule. Maada giza ndiyo iliyoishika gesi ikapoa, ikawa nyota, nasi tukaikuta hesabu yake miaka bilioni nyingi baadaye. Nikiiona pete ya marehemu mama, hilo ndilo huja kichwani.

Chembe yenyewe ya maada giza haijapatikana. Darubini za H.E.S.S. katika nyanda za juu za Namibia zimezitazama galaksi hizi ndogo kwa saa nyingi zikitafuta miale ya gama, kwa sababu chembe zikigongana na kuangamizana zingeweza kuitoa. Satelaiti ya Fermi imefanya vivyo hivyo tangu 2008. Kimya. Kimya hicho kimewasaidia kufuta aina kadhaa za chembe zilizokuwa zikidhaniwa, na kazi hiyo naiheshimu sawa na ugunduzi. Sasa Chile kuna darubini mpya yenye jina la Vera Rubin, kioo cha mita 8.4, iliyoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025. Itapiga picha anga lote la kusini tena na tena kwa miaka kumi, na wanaotafuta galaksi ndogo wanaisubiri kama mwaloni wanavyosubiri mitumbwi alfajiri.

Januari iliyopita nilikwenda nyumbani likizo, giza likiwa limeingia, nikamwomba mjomba anichukue ziwani. Karabai zimekwisha, sasa ni taa za sola, kila moja juu ya kielea chake. Saa nne na nusu hivi nikamwonyesha lile wingu kusini, ngumi mbili juu ya maji mkono ukiwa umenyooka. Mwanga wa taa ulitufunika, hakuliona vizuri. Akamwambia kijana wake azime taa iliyo karibu yetu. Kijana alimtazama kama hakusikia sawasawa; taa haizimwi dagaa wakiwa wanakuja.

"Zima kidogo," mjomba akasema.

Tukakaa gizani mpaka macho yakazoea, na wingu likatokea, jeupe, palepale lilipokuwa. Nikamwambia jina lake. Nikamwambia kwamba limejaa, na jinsi walivyojua. Alilitazama kwa muda, midomo ikisogea kama anayehesabu. Kisha akasema, "Washa," na tukaanza kuvuta.